Upinde Haufichiki

Zamani, mtu wa Ukambani aliyebeba silaha hukuwa na haja ya kumpekua. Upinde ulikuwa begani, podo mgongoni, sime kiunoni. Ulimwona akiteremka kutoka upande wa Nzaui ukayahesabu aliyobeba kabla hajafika pa kusalimiana. Kama amekuja kwa shari ulijua, na kama anapita tu kwenda kwa wakwe zake ulijua pia, maana mtu wa namna hiyo aliliweka podo chini mlangoni kabla ya kuinama kuingia.

Sehemu kubwa ya utumishi wangu polisi niliimaliza nikifundisha shabaha. Nimestaafu, nimerudi kwetu Kalamba, nalima maembe. Watu bado wananiita afande, na wapo wanaonijia jioni na swali lile lile: mtu wa kawaida, mwenye duka au mnunuzi wa matunda, anapataje bastola ya kujilinda, na anafundishwa wapi kuibeba chini ya koti? Nawajibu ninayoyajua. Lakini moyoni huwa nashangaa jinsi swali lenyewe lilivyo jipya hapa. Silaha si ngeni kwetu, na mafunzo ya silaha si mageni hata kidogo. Kigeni ni kuificha.

Mafunzo yetu yalianzia machungani. Mtoto wa kiume alipewa upinde mdogo na mishale ya mti mtupu, isiyo na chuma, akaanza na mijusi. Sisi tulikuwa tukirushiana matunda ya mtunguja, mmoja anatupa juu, mwingine anafyatua. Babu alikuwa akikaa kivulini na kuangalia, na kilichomkera hakikuwa kukosa. Kukosa alikucheka. Kilichomkera ni mshale uliopotea. Mshale wako ukiingia kichakani uliufuata mpaka uupate, mbuzi waende wanakotaka, na usipoupata uliulizwa maswali kama mtu aliyeiba.

Nilikuja kuielewa sababu nikiwa mtu mzima, niliposoma kazi ya Gerhard Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912 na kuchapisha kitabu kinene juu yetu mwaka 1920. Anaeleza habari za alama za ukoo: alama zilizochomwa kwenye ng'ombe, zilizochongwa kwenye mizinga ya nyuki, na zilizotiwa kwenye mishale pia. Basi mshale uliookotwa ndani ya ubavu wa ng'ombe wa jirani ulikuwa barua iliyotiwa sahihi. Wazee hawakuwa na haja ya kuuliza nani alipita hapo. Waliusoma.

Na aliyelipa hakuwa mfyatuaji peke yake. Penwill, ofisa wa serikali ya kikoloni Machakos aliyeandika juu ya sheria za kimila za Wakamba mwaka 1951, anaeleza vizuri kwamba fidia ya damu ilikuwa deni la ukoo. Ng'ombe walitoka kwa baba wadogo, kwa binamu, kwa watu ambao siku ile hata hawakuwapo. Ukiwa unajua kwamba ng'ombe wako ataondoka zizini kwa sababu ya mkono wa mtoto wa ndugu yako, utakaa kivulini uuangalie mkono huo unavyojifunza. Hapo ndipo naona siri ya mafunzo yetu ya zamani. Waliolipa ndio waliosimamia, na waliosimamia walitaka silaha ionekane.

Sumu ilikuwa darasa la mwisho. Ilitoka kwenye mti tunaouita kivai, ikachemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito. Nyingine ilitoka mbali, kwa Wagiriama, ambao walisifika kwa kazi hiyo mpaka bara. Nakumbuka babu alivyoushika mshale wa sumu. Chembe na sehemu ya chini yake vilikuwa vimezungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, umebana kama bandeji. Ngozi ile iliizuia sumu isikauke, na ilimzuia mwenye mshale asijikwaruze kwa bahati mbaya. Ilifunuliwa porini tu, mnyama akiwa ameonekana. Nyumbani kwetu mtoto aliyegusa podo lenye mishale hiyo alichapwa bila maelezo, na maelezo alipewa baadaye. Nilipofika chuo cha polisi Kiganjo na kuonyeshwa kizuizi cha usalama kwenye bunduki, sikuona jipya.

Bunduki zenyewe zilichelewa kupendwa. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa tangu kabla ya Wazungu kuijua njia, na watu wetu waliyaona magobori ya pwani wakayapima. Gobori lilihitaji baruti kavu, lilichukua muda kujazwa, na mlio wake uliwatimua wanyama wote bondeni. Upinde ulinyamaza. Mwaka 1851 mmisionari Ludwig Krapf alikuwa kwenye msafara wa mkuu wetu Kivui karibu na mto Tana waliposhambuliwa, Kivui akauawa, Krapf akakimbia peke yake porini. Alikuwa na bunduki ya midomo miwili. Ameeleza mwenyewe kazi aliyoipa: alijaza maji ndani ya mitutu, akaiziba kwa majani na kitambaa, akatembea nayo. Vichaka vikavichomoa vile vizibo, na maji yakamwagika njiani. Nimefundisha matumizi mengi ya bunduki lakini hilo sikuwahi.

Halafu wakubwa wa Ulaya wakatuamulia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia kuingizwa kwa silaha za moto katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa kwa kibali cha serikali zilizotawala. Mwaka uliotangulia Kampuni ya Kiingereza ilikuwa imeshaweka kituo chake Machakos. Tangu hapo Mwafrika wa kwetu hakupata bunduki ila kwa kuvaa sare ya mwenye kibali. Alifundishwa kuipiga, kuifungua, kuisafisha, kisha jioni akairudisha ghalani na kutia sahihi.

Na Wakamba walivaa sare kwa wingi. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na kufikia Vita vya Pili vya Dunia serikali ilikuwa ikitusifu kuwa watu wa vita kwa kuzaliwa, sifa ambayo iliwafaa wao zaidi kuliko sisi. Sifa hiyo ilisahauliwa kidogo mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai ng'ombe waliochukuliwa kwa nguvu eti mifugo imezidi. Walikaa Kariokor majuma kadhaa, ng'ombe wakarudishwa, na Muindi akapelekwa kizuizini Lamu. Serikali iliogopa sana siku zile, maana ndugu za wale waandamanaji ndio walioshika bunduki zake.

Baba yangu alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alipigana bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na malaria. Alijua kulenga, alijua kutunza silaha gizani kwa kupapasa, na alirudi nyumbani na koti la kaki na ujuzi ambao sheria haikumruhusu kuutumia kumpiga hata ngedere shambani.

Wakati yeye yuko Burma, hapa nyumbani kulikuwa na mlio mwingine. Nchi ya Makueni, kutoka kwetu kuelekea mto Athi, ilikuwa pori la mbung'o, na serikali iliamua kulifyeka ili ihamishie huko watu waliobanana milimani Machakos. Kabla ya majembe alikuja J. A. Hunter, Mskoti mwindaji wa idara ya wanyamapori. Kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua Makueni faru karibu 1,000. Narudia kwa sababu vijana hudhani nimekosea sifuri: karibu 1,000. Wafuatiliaji wake walikuwa Wakamba. Walisoma nyayo, wakapima upepo kwa kumwaga vumbi kiganjani, wakamfikisha karibu, kisha wakasogea kando ili mwenye leseni afyatue. Baadaye Hunter alijenga nyumba ya wageni Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, na bado wapitao wanaijua kwa jina lake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1956 na 1957, serikali iliendesha msako mkubwa wa wawindaji haramu ndani na kandokando ya hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka 1948. Waliotafutwa walikuwa Wawaata na Wakamba wenye mishale ya sumu. Ndovu waliuawa kweli, na biashara ya pembe ilikuwa kubwa kweli, siwatetei. Ila nilichokiona nikiwa mtoto ni kwamba kitu ambacho babu alikibeba begani ili kila mtu akione kilianza kuingizwa uvunguni. Upinde na alama ya ukoo juu ya mshale, vile vilivyokuwa dhamana ya uaminifu, vikawa vielelezo mahakamani. Kama kuna mtu alitufundisha kuficha silaha, somo la kwanza lilikuwa hilo, na halikutozwa karo.

Somo la pili lilitoka kwa masetla. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wazungu wa mashamba ya juu walianza kutembea na bastola, wake kwa waume. Waliziweka mezani kando ya sahani wakati wa chakula cha jioni na chini ya mto wakati wa kulala. Polisi wa akiba, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1948, waliwafundisha hata akina mama wazee kulenga. Aliyepoteza bastola yake kwa uzembe alishtakiwa, kwa kuwa bastola iliyopotea ilijulikana itakakotokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo mafunzo ya raia kubeba silaha ya kujilinda yalipozaliwa Kenya: katika hofu ya miaka ile, kwa watu wa rangi moja.

Kwa rangi nyingine, jambo lile lile lilikuwa kitanzi. Kanuni za hali ya hatari zilifanya kupatikana na silaha ya moto bila kibali kuwa kosa la kifo. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, aliponaswa tarehe 21 Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa vita vyote alivyoviongoza. Alishtakiwa kwa kuwa na bastola ya .38 na risasi zake. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sheria ya silaha tuliyonayo hadi leo, Sura ya 114, ina mizizi katika miaka hiyo hiyo, na ukiisoma kwa makini utaisikia hofu yake.

Mimi nilijifunza Kiganjo, mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa bunduki kuukuu ya risasi za .303, nzito, yenye kitako kilichonichubua bega. Majuma ya kwanza hatukupewa risasi. Tulilala kifudifudi, mkufunzi akaweka sarafu juu ya mtutu karibu na ncha, akasema vuta. Sarafu ikianguka, umevuta kwa mkono mzima badala ya kidole. Tulirudia mpaka tukaichukia ile sarafu. Ukweli ni kwamba hakuna nilichofundisha baadaye kilichokuwa bora kuliko hicho. Mtu anaweza kuwa na silaha ya laki kadhaa na bado akavuta kwa mkono mzima.

Mwaka 1977 uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku nchini, na kwa muda mrefu bunduki za raia zikawa jambo la watu wachache wenye mali, wanasiasa na wanachama wa vilabu vya shabaha. Hapa Kalamba mwizi alishughulikiwa kwa ukemi, watu wakatoka na marungu.

Kilichobadilisha mambo ni Jumamosi moja, tarehe 21 Septemba 2013. Magaidi waliingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni, na nchi nzima iliiona picha ya Abdul Haji, bastola mkononi, mtoto mdogo wa kike akimkimbilia. Alikuwa mfanyabiashara wakati ule. Baadaye akawa seneta wa Garissa. Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha, alikuwa Westgate, na tarehe 15 Januari 2019 alionekana tena akisaidia watu kutoka hoteli ya DusitD2. Baada ya hapo neno kozi lilianza kusikika midomoni mwa watu ambao awali hawakulifikiria. Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja wa shabaha yanapofanyika mashindano ya bastola ya kujihami kwa kanuni za IDPA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996.

Serikali nayo ilistuka. Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliwapa wenye leseni siku 90 wajitokeze wakaguliwe upya, kwa sababu vyeti vilikuwa vimefika kwenye mifuko isiyostahili. Kwa mtu anayeniuliza leo, njia inapita kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha: sababu ya kuomba, cheti cha tabia njema, uchunguzi wa akili, ushahidi kwamba umefunzwa, kabati la chuma la kuhifadhia. Wengi wanaposikia habari za daktari wa akili wanacheka, kisha wananyamaza.

Mwenzangu mstaafu, anayefundisha raia siku hizi, alinialika kuangalia. Wanafunzi walikuwa watu wa heshima zao: wakili, mwenye kituo cha petroli, mama mmoja wa biashara ya nafaka. Alianza na zile kanuni nne ambazo dunia nzima inazijua kutoka kwa Jeff Cooper, mwanajeshi wa Marekani aliyefungua shule yake ya bastola Arizona mwaka 1976: kila silaha ihesabu imejaa, usiielekeze usipotaka kuharibu, kidole nje ya kifyatulio mpaka umelenga, jua kilicho nyuma ya shabaha. Hata babu asingebisha. Hiyo ya nne angeiunga mkono kwa nguvu, maana nyuma ya swala mara nyingi kuna ng'ombe wa mtu.

Kisha likaja lile geni. Aliwafundisha kutoa bastola iliyofichwa. Vidole vinafagia upande wa koti nyuma ya nyonga. Kiganja kinashika kitako mpaka mwisho bastola ikiwa bado ndani ya ala yake, kwa kuwa ukiishika vibaya hapo hutapata nafasi ya kurekebisha. Inapanda wima, inageuka mbele, mkono wa pili unaipokea kifuani. Walifanya bila risasi, polepole, mara nyingi. Yule mama wa nafaka alipojaribu kwa kasi, pindo la leso yake likanaswa kati ya kiganja na kitako, na mdomo wa bastola ukaelekea kwenye paja lake mwenyewe. Mkufunzi akapaza sauti, wote wakaganda. Hakumkemea. Alimwomba afanye tena, akiwa na leso ile ile, mpaka mkono ujue njia yake, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa amevaa sokoni.

Mchana akawafundisha sheria, na hapo nilisikiliza kuliko wote. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujitetea, hakitoi kipimo chake chenyewe. Kinasema nguvu ya kujitetea itapimwa kwa kanuni za sheria ya kimazoea ya Kiingereza. Yaani mtu akimpiga jambazi risasi gizani Kalamba, swali la kama alizidisha litajibiwa kwa mazoea yaliyokua katika mahakama za Uingereza. Na atakayelijibu ni yeye peke yake kizimbani. Baba mdogo hatoi ng'ombe. Binamu hawakuulizwa alipoomba leseni. Pengine hawajui kama anayo.

Hapo ndipo sikubaliani na mwenzangu. Aliwaambia wanafunzi: asijue mtu. Asijue jirani, asijue mfanyakazi, ndugu asijue. Namwelewa. Bastola inayojulikana huvutia mwizi wa bastola, na masetla walilijua hilo. Lakini mkono usio na wa kuuangalia hulegea. Kozi ni siku chache na cheti ni karatasi. Baada ya mwaka, nani atamwambia huyu bwana kwamba siku hizi anakunywa, kwamba amekuwa na hasira tangu kesi ya shamba ianze, kwamba jana aliiacha kwenye gari? Bodi iko Nairobi. Podo la babu lilikuwa na wakaguzi kijiji kizima.

Mwezi uliopita alikuja kijana anayenunua maembe hapa na kuyapeleka Mombasa. Nilimuuliza anabeba pesa taslimu kiasi gani. Akasema siku hizi kidogo sana, wakulima karibu wote huwalipa kwa M-Pesa. Nikamuuliza basi anaogopa nini. Akasema barabara ya usiku, na lori lenyewe. Tukazungumza juu ya kuondoka alfajiri, juu ya kuwa na mtu wa pili ndani ya lori, juu ya gharama za kozi na za kabati. Alisikiliza kwa adabu kama mtu ambaye tayari ameamua.

"Sasa afande," akaniuliza akiinuka, "nikishapata, nimwambie nani?"

"Mkeo," nikamwambia. "Na kaka yako mkubwa."

"Kaka hatakubali."

"Kwa hiyo umwambie kabla hujajaza fomu."

Akaahidi kurudi baada ya msimu.